Shangazi Alipovalishwa Dirisha

Kisa cha Land Rover kuukuu, fremu ya rejeta na ubishi wangu

MSOMAJI mpenzi, kama umewahi kuingia Mwanza alfajiri kwa barabara ya Usagara, huenda umeshapishana na sisi. Pikapu ya Land Rover 109, kijani iliyopauka, turubai limefungwa kwa kamba za katani, na nyuma imeandikwa kwa brashi SHANGAZI HACHOKI. Anayeendesha ni baba yangu mzazi. Anayesinzia pembeni yake, daftari mapajani, ni mimi mwandishi wako.

Nyumbani kwetu Mkolani gari hilo haliitwi gari. Ni Shangazi. Shangazi amesomesha, Shangazi ameezeka nyumba, Shangazi amepeleka wagonjwa Bugando usiku wa manane bila kudai nauli. Ni wa lile toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo kiumri ni mkubwa wangu kwa mbali. Nilipomaliza kidato cha nne, na matokeo yakaja yale ya kusema "tumshukuru Mungu", baba alinikabidhi daftari la hesabu za Shangazi: mafuta, spea, faini, mapato. Makala haya naandika kwa pembeni tu. Kazi yangu hasa ni hilo daftari, na utingo siku za mzigo.

Wiki hii naomba unisamehe, sina habari za mapenzi wala mitindo. Au tuseme ni mitindo, maana kisa chenyewe kinaanza na mimi kutaka Shangazi avae kitu chepesi cha kung'aa. Kidogo nimuue.

KUTU ILIANZA KWA KAYABO

Ukifungua boneti la gari, mbele kabisa utaikuta rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Rejeta haielei hewani. Inashikwa na fremu, na kwenye Land Rover za zamani fremu hiyo ina kazi nyingi kuliko mama wa watoto saba. Inabeba rejeta. Fenda za kushoto na kulia zimefungwa kwake. Loki ya boneti iko kwake. Yenyewe imefungwa kwa bolti kwenye chesisi. Ikilegea, uso mzima wa gari unacheza kama meno ya bibi.

Fremu ya Shangazi ilikuwa ya chuma, na chuma kilikuwa kimekwisha. Watu wengi wanadhani gari la Mwanza halipati kutu kwa kuwa maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi kama ya Dar. Ni kweli kwa maji. Lakini sisi tunabeba kayabo, yaani sangara wa chumvi, wale wanaokaushwa na kusafirishwa mpaka Kongo. Siku gari likijaa, baba alikuwa anafunga gunia moja mbele, juu ya bampa. Gunia linachuruzika maji ya chumvi, upepo unayasukuma ndani, yanakaa kwenye kona za fremu. Miaka nenda miaka rudi. Siku fundi alipoigonga kwa bisibisi, bisibisi ikapita upande wa pili bila kuuliza njia.

Fremu mpya ya chuma kwa Land Rover ya umri ule si kitu cha kwenda dukani na kurudi nayo kwapani. Unaagiza mbali, unasubiri, halafu unaambiwa bei mpaka unakaa chini. Kuchomelea viraka tulishachomelea mara tatu. Viraka vyenyewe vilikuwa vinatafuta pa kushikilia.

NIKAINGIA MKENGE MWENYEWE

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Mshikaji wangu mmoja wa gereji alinionyesha kwenye simu magari ya mashindano ya huko Marekani. Wanang'oa fremu ya rejeta ya chuma, wanaweka ya aluminiamu, gari linakuwa jepesi upande wa mbele na linakata kona kama pikipiki. Basi bwana, usiku ule sikulala. Nikatoa daftari nikapiga hesabu. Kipande cha aluminiamu cha sentimita moja kila upande kina gramu 2.7. Cha chuma kina karibu gramu 7.8. Yaani uzito unashuka mpaka theluthi! Nikajiona mhandisi kamili.

Asubuhi nikamweleza baba: gari jepesi, mafuta kidogo, na aluminiamu haishiki kutu. Baba akanitazama kama anayemsikiliza mhubiri wa stendi.

"Nani atatengeneza?" akauliza.

Nilikuwa nimeshamwona fundi. Si fundi wa magari, ni fundi wa madirisha. Pale mjini siku hizi kila duka lina milango na madirisha ya aluminiamu, na kijana huyu kazi zake zinang'aa mpaka unajitengenezea nywele humo. Nikampelekea fremu ya zamani kama mfano. Akaigeuzageuza, akacheka.

"Dada yangu, mimi natengeneza mbele ya duka zima. Hii rejeta ndiyo inishinde?"

Akataka sh. 150,000. Siku mbili tu, kazi tayari: zile bomba za madirisha zenye uwazi ndani, kona zimeungwa kwa ribiti, matundu yametobolewa vizuri. Ikafungwa kwenye chesisi ya chuma kwa bolti za chuma, chuma na aluminiamu uso kwa uso. Shangazi akameremeta. Jirani mmoja akauliza kama tumenunua gari jingine.

Baba hakusema kitu, ila tulipofika Mwaloni Kirumba akaomba mizani ya samaki. Akapima fremu ya zamani: kilo 13. Ile mpya, uzito wake nilishauandika kabla ya kuifunga: kilo 5.

"Umepunguza kilo nane," akasema. "Hao ni sangara wawili wa wastani. Leo tumebeba sangara kiasi gani?"

"Kilo mia tano."

"Haya. Shangazi ameshukuru kwa hao wawili."

Wabeba mizigo wakacheka sana. Mimi nikanuna. Lakini mzee alikuwa sahihi, na nilipaswa kuelewa palepale. Gari la mashindano linahesabu kila kilo kwa sababu halibebi kitu zaidi ya dereva. Pikapu ya mzigo kilo nane haizisikii. Mafuta tuliyotumia mwezi ule, daftari ninalo, hayakupungua hata lita moja ya kujivunia.

UNGA MWEUPE

Miezi mitatu ikapita salama. Nilikuwa nikifungua boneti makusudi watu waone. Kijiweni nikapewa jina la Injinia.

Mwezi wa nne, siku moja naosha gari, nikaona kitu. Chini, pale fremu inapokaa kwenye chesisi, kulikuwa na unga mweupe, kama mtu amemwaga majivu. Nikaufuta kwa kitambaa. Chini ya unga aluminiamu ilikuwa imeliwa, ina vishimo kama uso wenye chunusi. Na kwenye kona ya kushoto, karibu na ribiti, kulikuwa na ufa. Mwembamba kama unywele.

Msomaji, hapa ndipo aibu yangu ilipo, na ndiyo maana naandika makala haya. Nilijua kabisa kwamba ule ni ufa. Lakini fremu ilikuwa wazo langu. Mimi ndiye niliyembishia baba, mimi ndiye Injinia wa kijiweni. Nikaenda kununua kopo la rangi ya fedha ya kupuliza, nikapulizia ile kona mpaka ikang'aa kama siku ya kwanza. Baba akapita akaniuliza nafanya nini.

"Namremba Shangazi," nikajibu.

Akacheka, akaendelea na shughuli zake. Daftarini siku ile niliandika: rangi, sh. 8,000. Sikuandika ya nini.

SIKU YA KASHESHE

Siku kumi na moja baadaye tulikuwa tunatoka upande wa Sengerema na kilo 480 za sangara wabichi kwenye barafu. Mali si yetu. Ni ya mama mmoja ambaye amempa baba kazi tangu mimi niko darasa la pili. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 hatupangi tena foleni ya kivuko, kwa hiyo tulivuka ziwa kwa raha, madirisha wazi, baba anapiga mluzi. Tukakaribia Usagara, penye matuta ya barabarani. Tuta la kwanza salama. Tuta la pili nikasikia sauti mbele ya miguu yangu: kra-kra-kra-kra! Kama mtu anakata mabati kwa panga. Halafu mvuke, kioo chote cheupe.

Baba hakupiga kelele. Alizima injini gari likiwa bado linatembea, akaliacha liserereke mpaka pembeni. Baadaye nikaambiwa kitendo hicho ndicho kilichookoa injini. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Rejeta ikishatoboka, mgandamizo umekwisha na maji yanaruka yote kufumba na kufumbua. Dereva wa kusema "nifike tu pale mbele" anafika na silinda hedi iliyopinda.

Tukafungua boneti. Ile kona yangu ya fedha ilikuwa imekatika yote. Fremu imelala nyuma, rejeta imeegemea feni, na feni imeichana kama mtu anayeparura samaki. Rangi ya kupuliza ilikuwa bado inang'aa pande zote mbili za mpasuko.

Nisikuchoshe kwa jua la siku ile. Kutafuta Canter ya kukodi, kuhamisha mzigo, barafu inakwisha. Sangara wengine ikabidi wauzwe palepale barabarani kwa bei ya kutupa. Tulipofika Mwaloni ilikuwa saa nane mchana, na mama mwenye mali hakututukana. Alihesabu samaki wake kimya kimya, akasema, "Baba, hasara hii nitaibeba mimi au wewe?" Baba akasema, "Mimi." Sh. 640,000. Ilikuwa ni ada ya mdogo wangu wa chuo cha uuguzi, ipo kwenye bahasha chini ya godoro, wiki mbili kabla ya chuo kufungua.

Usiku nikamfuata baba uani. Taa ilikuwa imezimwa, nikashukuru.

"Baba, ule ufa niliuona."

Kimya.

"Niliuona siku ile ya rangi. Nikaupulizia."

Alikaa muda mrefu sana. Nilisubiri kofi, au nifukuzwe. Akaniambia, "Lete daftari."

Nikawasha taa nikalileta.

"Andika."

"Niandike nini, baba?"

"Ulichoona, na tarehe uliyokiona."

Nikaandika, yeye amesimama nyuma yangu. Aliusoma mstari ule, akalifunga daftari, akaenda kulala. Mdogo wangu alichelewa chuo wiki tatu. Hakunilaumu kwa mdomo, lakini kila asubuhi alikuwa anaipiga pasi sare yake nyeupe na kuirudisha kabatini.

MZEE WA NYAKATO

Wiki iliyofuata tukamvuta Shangazi kwa kamba mpaka Nyakato, kwa mzee mmoja fundi ambaye Land Rover anazijua kama mganga anavyojua mizizi. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mzee." Akaitika, akaiangalia ile fremu iliyokatika, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hili dirisha mmelitoa duka gani?"

Mafundi wake wakacheka mpaka wakaweka spana chini. Lakini alipomaliza utani alinifundisha, na ninakumegea msomaji kama nilivyopokea.

Jambo la kwanza, uzito. Aluminiamu ni nyepesi mara tatu kuliko chuma, kweli, lakini pia inapinda kirahisi karibu mara tatu. Ukichukua umbo lile lile na unene ule ule, umepata fremu legelege. Ukitaka ugumu wa chuma lazima uongeze unene au ukunje mfereji wenye kina. Bomba la dirisha lina unene wa milimita moja na ushee. Limetengenezwa kushika kioo ukutani, halikutengenezwa kuruka matuta. Rejeta yetu ni ile ya zamani ya shaba, na ikijaa maji mzigo wake haupungui kilo 20.

La pili, kuchoka. Mzee alichukua waya akaukunjakunja mpaka ukakatika. "Chuma," akasema, "ukikitikisa kidogo kidogo, chini ya kiwango chake, kinaweza kuvumilia maisha. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila mtikisiko inauweka kwenye hesabu, kama wewe na daftari lako. Siku hesabu ikijaa, inapasuka." Na mahali inapoanzia ni kwenye tundu au kona kali. Ribiti zetu zote zilikuwa kwenye kona.

La tatu ndilo lile la unga mweupe. Akatoa betri kuukuu ya tochi iliyovimba, ganda limeliwa. "Betri inafanyaje kazi? Vitu viwili tofauti na majimaji ya dawa katikati. Mmoja anatoa umeme, na anayetoa ndiye anayeliwa." Ukigusanisha aluminiamu na chuma halafu ukaweka maji ya chumvi katikati, umetengeneza betri. Katika ndoa hiyo anayeliwa ni aluminiamu. Maji matupu ya mvua yanakula polepole. Maji ya kayabo yanakula kama nzige. Kumbe aluminiamu ikiwa peke yake inajilinda, ina ngozi nyembamba sana inayoiota yenyewe. Shida ni huyo jirani.

Halafu akanishika mkono akanipeleka kwenye fenda ya Shangazi. "Hii unadhani ni bati gani?" Nikasema chuma. Akaweka sumaku, ikaanguka chini.

Msomaji, mimi nimepanda gari hili tangu utotoni na sikujua. Bodi ya nje ya Shangazi karibu yote ni aluminiamu! Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, miaka mitatu baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo, lakini aluminiamu iliyokuwa ikitumika kwenye ndege za kivita ilipatikana. Kampuni ya Rover ikaunda gari la shambani kwa bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Walidhani ni la muda tu, mambo yakitengemaa waendelee na magari yao ya kifahari. Matokeo yake mpaka leo yanatembea Tanzania, na mwaka 2024 Arusha waliyafanyia tamasha zima. Siku hizi wakubwa wameirudia: Range Rover ya 2012 bodi yake yote ni aluminiamu, na pikapu ya Ford F-150 ikafuata kwa toleo la 2015.

"Basi hata babu zake walikuwa na shida yako," mzee akasema, akanionyesha pale fenda inapokutana na chuma. Unga mweupe ule ule.

Nikauliza kwa unyonge, "Kwa hiyo turudishe ya chuma?"

"Kwani nimesema aluminiamu mbaya? Nimesema dirisha baya."

TUKAANZA UPYA

Kazi ilichukua siku tatu na baba aliniamuru nishinde pale, nishike nilichoambiwa kushika. Kabla ya kukata chochote mzee alipima mshazari, kona hii mpaka ile, halafu ile nyingine, namba zikalingana. Uso wa gari ukikaa upande, boneti halifungi na fenda zinapasuka.

Akatumia bati la aluminiamu la milimita tatu, jipya, si la sufuria zilizoyeyushwa. Akalikunja mfereji, si bapa. Kila kona akaweka kipande cha pembetatu cha kuimarisha, na kingo zote kali nikazisugua mimi kwa tupa mpaka vidole vikachubuka. Kuchomelea walitumia mashine ya gesi ya agoni. Hii nayo ina sababu: aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660, lakini ile ngozi yake inataka zaidi ya 2,000. Ukienda kwa mchomeleaji wa mageti na mashine yake ya kawaida, ndani inayeyuka kama siagi huku ngozi bado ngumu. Unapata uji, hupati kiungo.

Kisha ndoa ikavunjwa rasmi. Kila mahali chuma na aluminiamu zinapokutana tukaweka mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori. Kila bolti ikavalishwa kijibomba cha plastiki ili isiguse ukuta wa tundu, na washa pana juu na chini. Bolti zenyewe ni za kupakwa zinki. Fremu ikapigwa rangi ya chini kabla ya rangi ya juu, na chesisi pia ikasuguliwa na kupakwa. Chini tukatoboa matundu mawili ya maji kutoka, yasituame. Loki ya boneti ikawekewa kibati cha chuma nyuma yake, nacho kikatenganishwa kwa mpira, maana boneti likifunguka barabarani linakuja kwenye kioo.

Tukafunga rejeta iliyozibwa, tukahakikisha vidole viwili vinapita kati yake na feni. Baba akawasha. Injini ikanguruma vizuri. Akabonyeza honi: kimya. Taa za mbele: giza.

Nilitaka kulia. Mzee wa Nyakato alicheka. Umeme wa taa na honi ulikuwa unarudi kwenye betri kwa kupitia fremu na chesisi, chuma kwa chuma. Sisi tumeweka mpira kila mahali, tumeuzibia njia! Akavuta waya mmoja kutoka kwenye fremu mpaka kwenye chesisi, na honi ikalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

Mizani ya Mwaloni ilisema kilo 8. Yaani kutoka kilo 13 za mwanzo tumeokoa kilo tano tu. Bei, pamoja na kuziba rejeta, sh. 410,000, tukalipa kwa awamu. Baba alinitazama nikiandika. "Na uzito?" akauliza. Nikasema, "Uzito si hoja tena, baba." Akatikisa kichwa.

KAMA NA WEWE UNAPANGA

Wapo wasomaji wataniuliza kama wafanye hivyohivyo. Nawajibu hapahapa.

Kama una Corolla, Noah au IST, tulia kwanza. Magari hayo hayana chesisi ya peke yake kama Shangazi, na fremu ya rejeta mara nyingi imechomelewa kwenye bodi na ni sehemu ya kupokea kishindo gari likigonga. Usikubali mtu aikate akuwekee ya kubuni. Tafuta inayofanana nayo iliyo nzima, ifungwe na fundi bodi anayejua kupima.

Kama gari lako ni la chesisi na fremu inafungwa kwa bolti, aluminiamu inafaa. Lakini ifanye kwa ajili ya kutu, usiifanye kwa ajili ya wepesi wala kung'aa. Muulize fundi maswali matatu: unene ni milimita ngapi, utaungaje kona, na utaitenganishaje na chuma. Akicheka swali la tatu, chukua fremu yako uondoke.

Na ukishaifunga, ifungulie boneti kila mwezi na tochi. Tazama chini na kwenye kona. Ukiona unga mweupe, mpira umekaa vibaya, fungua usafishe. Ukiona ufa, egesha gari. Na umwambie mwenye gari siku hiyohiyo, hata kama wazo lilikuwa la kwako, hata kama kijiweni wanakuita Injinia.

Shangazi anaendelea na kazi. Gunia la kayabo halifungwi tena mbele, baba mwenyewe alipiga marufuku. Mama mwenye sangara alituhama kwa miezi miwili, akarudi. Mdogo wangu alilipa ada kwa mafungu, yuko wodini kwa mafunzo, na juzi alinitumia picha amevaa ile sare nyeupe.

Kwenye daftari nimeongeza safu mpya pembeni ya mafuta na spea, imeandikwa "Nilichoona". Wiki iliyopita niliandika kwamba mkanda wa feni umeanza kuchanika. Baba aliusoma, akatoa pesa ya mkanda mfukoni, akanipa na funguo za gari niende kununua mwenyewe. Tangu siku ile ya Usagara, ndiyo mara ya kwanza kunipa funguo.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.